Chenso ya betri na ya petroli kwenye heka moja na nusu ya paini Mufindi: siku nne, tulichokiona

Shamba ni la baba mdogo, heka moja na nusu ya paini huku Mufindi, mkoani Iringa, juu kwenye ukanda wa baridi, kama mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, limepandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kwa mbili na nusu kama watu wengi walivyopanda miaka ile kila mtu alipokimbilia miti. Ukipiga hesabu ya nafasi hiyo unapata miti 1,600 kwa hekta, kwa heka moja na nusu ni kama 970, sisi tulipohesabu ile mizima tukapata 900 na kidogo. Mwaka wa saba sasa, imebanana, imekwenda juu kutafuta mwanga, vishina vyembamba, matawi ya chini yamekauka. Ilitakiwa kupunguzwa zamani, baba mdogo akawa anasema mwakani, mwakani, na mimi nikiwa Dar nikawa namwambia sawa.

Pembeni kwenye mpaka kuna milingoti (mikaratusi) saba ya zamani, iliyopandwa na babu, shina sentimita 38 mpaka 60. Hiyo nayo ilitakiwa itoke kwa sababu inakunywa maji na kuzuia jua kwa mistari miwili mitatu ya paini. Kazi kwa hiyo ilikuwa mbili kwenye shamba moja, kupunguza miti midogo kama 300 na kuangusha mikubwa saba, na ndo maana nimeona hiki kisa kinafaa kuelezewa, maana ukisikia watu wanabishana betri na petroli utakuta mmoja anafikiria fito na mwenzake anafikiria magogo ya mbao, wanabishana usiku kucha na wote wako sahihi.

Chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ya betri ilitoka kwangu. Ndugu yetu yuko nje alikuja likizo akaniletea, volti 36, baa ya inchi 14, betri mbili za wati-saa 280 hivi kila moja na chaja moja. Kampuni siitaji kwa sababu nina malalamiko nayo mbele huko. Ya petroli ni za fundi, mtu ambaye ameshika chenso zaidi ya miaka 15, amekata Mufindi, amekata Njombe, amepasua mbao mpaka Kilombero. Anazo mbili, ndogo ya saizi ya Stihl MS 250, ile yenye injini ya sisi (cc) 45 na nguvu ya kilowati 2.3, na kubwa ya sisi 72 yenye baa ndefu ya kuogopesha. Nilipomwonyesha ya kwangu akaigeuza, akatafuta kamba ya kuwashia, hakuiona, akaniuliza, "Bosi, hii ya kunyolea ndevu?"

Tukakubaliana hivi ili ubishi uishe: mtu mmoja, yaani yeye, miti 150 ataikata kwa betri, miti 150 kwa petroli ndogo, shamba lilelile, miti ya saizi ileile sentimita 10 mpaka 15 shinani, na kazi kwa kila mti ni ileile, kuangusha, kukwanyua matawi, kukata vipande viwili vitatu vya mirunda, nguzo nyembamba za kujengea. Mimi nahesabu na kuandika, baba mdogo na vijana wawili wanavuta magogo. Kibali cha kuvuna tulishakata wilayani, na mirunda ikitoka shambani inahitaji TP, hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hilo msilisahau mkaja kulia barabarani.

Siku ya kwanza betri. Asubuhi ya mwezi wa saba kule ni baridi ya kuuma mifupa, majani yana umande mweupe, betri nililala nazo ndani chini ya kitanda maana betri ya lithiamu iliyolala nje kwenye baridi inatoa nguvu kidogo, na kuichaji ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri ni kuiua. Saa tatu tukaanza. Kitu cha kwanza fundi alichokiona ni kwamba hamna kuwasha. Kwenye kupunguzia miti unakata dakika moja, unatembea, unaangalia mti upi utoke na upi ubaki, unasukuma uliokwama kwenye mwenzake, unakata tena. Ya petroli muda wote huo inaunguruma mkononi inakula mafuta bure, au unaizima kisha unavuta kamba tena, na mtu aliyevuta kamba mara 60 kwa siku anajua bega linasema nini jioni. Hii unabonyeza inakata, unaachia inanyamaza.

Mti wa kumi fundi alikuwa ameshaacha masihara. Injini ya petroli ya tu-stroki nguvu yake iko juu, kwenye mizunguko mingi, ndo maana unaambiwa kanyaga mpaka mwisho ndo uguse mti, ukigusa nusunusu klachi inateleza inaungua. Mota ya umeme inavuta kuanzia sifuri. Kwenye matawi na vishina vya sentimita 12 huoni kabisa kwamba ni chenso "ndogo". Kila mti ulikuwa unachukua kama dakika tatu na kuwa chini umeshakatwa vipande.

Betri moja ilitupa miti 24 hivi. Ya kwanza 25, ya pili 23. Saa moja na robo ya kazi. Alafu ndo shida ikaanza.

Umeme wa REA, wale wa umeme vijijini, umefika kijijini, asante, lakini haujafika kwenye miti. Kutoka shambani mpaka kwa baba mdogo ni kilomita tatu na ushee za njia ya matope yaliyokauka, bodaboda dakika 20. Chaja inajaza betri moja kwa saa moja na dakika 20. Piga hesabu mwenyewe, betri ikiisha inaondoka dakika 20, inachajiwa 80, inarudi 20, ni masaa mawili kamili, wakati betri iliyobaki shambani inakupa saa moja na robo tu. Kwa hiyo kila mzunguko tunakaa chini dakika 45 tunaangaliana. Vijana wanalipwa kwa siku, wamekaa kwenye gogo wanachimba meno na sindano za paini. Baba mdogo akawa anazunguka mikono nyuma anasema mwanangu hii mashine yako nzuri sana, inatupa nafasi ya kuongea.

Jioni saa 11 tulikuwa na miti 104. Kesho yake asubuhi, betri mbili zikiwa zimejaa usiku, tukamaliza 46 zilizobaki, kufikia saa sita hivi kazi imeisha.

Ya petroli tukaipa siku ya tatu nzima. Saa nne ndo ilianza kwa sababu fundi alichelewa, alikuwa kwenye msiba, na saa 11 na nusu jioni miti 150 ilikuwa chini. Mti mmoja ulikuwa dakika mbili na nusu mpaka tatu kasoro. Kwa hiyo kasi ya kukata yenyewe haikutofautiana sana, sekunde chache kwa mti, kilichotofautiana ni kusubiri. Mafuta yalienda tenki nne kasoro, yaani lita 1.8.

Hapa kwenye hela ndo watu wengi wanadanganyana. Kila anayeuza vitu vya betri anakwambia utaokoa mafuta. Haya tuokoe. Lita 1.8 kwa elfu 3 ni 5,400, weka oili ya 2T ya kuchanganya, sema 6,000 na hapo nimezidisha. Umeme wa kuchaji mara sita na kidogo ni kama uniti 2, kwa bei ya kawaida ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ile ya elfu moja unapata uniti 2.8, ni shilingi 700. Nimeokoa 5,300. Safi. Bodaboda mara tatu kwenda na kurudi, elfu 4 kila safari, 12,000. Yaani kubeba umeme kuja shambani kulinigharimu mara mbili ya petroli niliyoikwepa, na bado sijahesabu vijana wawili waliolipwa kukaa.

Na hata ukitoa bodaboda, sema shamba lako liko nyuma ya nyumba, ule uokoaji ni kama shilingi 840 kwa chaji moja. Betri ya ziada ya namna ile niliulizia Dar nikaambiwa laki tano. Gawanya. Inabidi uichaji karibu mara 600 ndo ijilipe yenyewe, na betri ya lithiamu ikifika huko imeshaanza kuzeeka, haitoi tena miti 24. Kwa mwenye heka chache anayepunguzia miti mara moja kwa miaka kadhaa, hiyo siku haitafika. Mtu asinunue betri kwa ajili ya kuokoa mafuta, ana sababu nyingine nzuri za kununua lakini sio hiyo.

Kwa nini betri inaisha haraka hivyo? Sio ubovu. Lita ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9. Injini ya chenso inapoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi, sema inayofika kwenye mnyororo ni moja ya tano, lakini hata hiyo moja ya tano ni nyingi. Tenki la nusu lita la chenso kama MS 250 linakupa kwenye mnyororo nishati ya betri zangu tatu zilizojaa. Nusu lita ya petroli uzito wake haufiki gramu 400, betri moja peke yake ni karibu kilo mbili. Fundi anaingia msituni na kidumu cha lita tano mgongoni ana kazi ya siku mbili, mimi nikitaka kubeba nishati ileile kwa betri nahitaji betri 30 na punda.

Sasa nisiisifie petroli kupita kiasi maana na yenyewe ilinionyesha mambo. Kwanza urefu kutoka baharini. Hewa ya juu ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100, kwa hiyo kule kwenye mita 1,850 ile kilowati 2.3 ya kwenye kitabu hauna, una kama 1.9. Mota ya umeme haina habari na hewa. Pili kabureta. Chenso iliyopimwa Dar ukiipandisha Mufindi inakula mafuta mengi kuliko hewa, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, unaipima upya na kabisibisi kadogo. Hilo sio baya, baya ni kinyume chake: umeipima Mufindi vizuri kabisa, ukaishusha Kilombero ukaingia kazini bila kugusa, hewa huko ni nzito, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapata moto na kunoki. Fundi alishaua moja hivyohivyo, pistoni ilikwaruzika kama imepigwa msasa, na anasema mpaka leo kuna watu wanaamini alirogwa.

Alafu petroli yenyewe. Petroli ya kwenye chupa barabarani unajua ina nini? EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi lakini ile ya chupa kijijini hatangazi mtu, ikichakachuliwa na mafuta ya taa chenso ndo inakuwa ya kwanza kukwambia. Na uchanganyaji, oili nzuri ya chenso ni 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita, ile ya 2T ya kawaida ya pikipiki za zamani wengi wanaweka 25 kwa 1, na fundi yeye anapima kwa kifuniko na jicho. Nikamuuliza jicho lina mililita ngapi, akanijibu, lina miaka 15.

Kitu ambacho sikukitegemea kilikuwa jioni ya siku ya tatu, tunaota moto, fundi ananyoosha vidole anavikunjua. Anasema asubuhi za baridi vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakuwa vyeupe, havina hisia, kama si vyake, inabidi anywe chai ya moto kikombe kakishika mpaka vinarudi. Hiyo ni mitetemo. Inajulikana kabisa kwa watu wa chenso, mishipa ya damu na ya fahamu kwenye vidole inaharibika taratibu, baridi inaamsha, na ikishakomaa hairudi nyuma. Na masikio pia, ya petroli inapiga zaidi ya desibeli 100 kwenye sikio la mshikaji na hakuna fundi hata mmoja niliyemwona kule na kinga ya masikio, anafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi basi. Siku mbili za betri alisema mkono haukumwasha. Hakusema kwa kusifu, alisema kama mtu aliyegundua deni. Kwangu mimi hiyo ndo hoja kubwa ya betri, na wanaouza wala hawaitumii sana, wanahangaika na mafuta.

Na ukimya wenyewe una pande mbili, hapa nisimame kidogo. Siku ya kwanza mchana, fundi amemaliza mti, ameachia kitufe, chenso kimya, anaangalia juu mti unaofuata. Mtoto wa jirani, kama miaka tisa, wale wanaokuja kuokota matawi ya kuni, akaja kutoka nyuma yake mpaka kama hatua mbili. Hakuogopa kwa sababu hakusikia chochote cha kuogopa. Chenso ya petroli ingekuwa inaunguruma mtoto angekaa mita 20 huko kama wanavyokaa siku zote. Fundi akageuka na baa mkononi, kidole bado kiko kwenye kitufe. Hakikutokea kitu, baba mdogo alipiga kelele, mtoto akakimbia, lakini mimi moyo ulishuka mpaka kwenye buti. Hii yangu ya betri haina hali ya "imezimwa" ambayo macho au masikio yanaiona, iko tayari muda wote mpaka usukume breki ya mnyororo mbele au uchomoe betri. Tangu hapo tukaweka sheria, kila akitembea hatua zaidi ya mbili breki mbele, na kama anaongea na mtu betri nje. Na mtu mmoja kazi yake ni kuangalia watu, sio kuvuta magogo.

Siku ya nne, milingoti. Hapa sitakuwa na maneno mengi kwa upande wa betri kwa sababu nilitaka ushahidi nikaupata. Nilisisitiza tujaribu mmoja ule mwembamba kuliko yote, sentimita 38, kwa betri iliyojaa. Fundi akasema sawa bosi mti ni wako. Mlingoti wa zamani ni mgumu, sio paini, na ule umekua kwa kulalia upande mmoja kwa hiyo ndani yake umejikaza. Mkato wa mdomo upande wa kuangukia ulikwenda vizuri. Mkato wa nyuma, baa ya inchi 14 haivuki shina, inabidi kuzunguka pande mbili, mnyororo umezama wote kwenye mti, mota inavuta nguvu yake yote mfululizo, na katikati ya mkato taa nyekundu, kimya. Betri imepata joto, imejizima yenyewe kujilinda.

Wanaojua kazi hii wanaelewa hapo tulikuwa wapi. Mti umekatwa zaidi ya nusu, bado umesimama, unalalia, na baa imebaki ndani. Ya petroli ikiishiwa unaisikia, inapanda sauti, inakohoa, unapata sekunde kadhaa za kuitoa. Hii iliondoka kama mtu aliyekata simu. Na malalamiko yangu kwa kampuni ndo haya, kitabu cha maelekezo kimejaa kurasa lakini hakuna sehemu ya maana inayosema usianze mkato wa kuangusha mti mkubwa bila kuangalia joto na chaji, wameandika tu kuhusu kinga ya betri kana kwamba betri ndo ya kulindwa pale. Fundi alituambia wote rudini nyuma, akagonga kabari mbili za plastiki kwenye mkato kuufungua na kuuzuia usikae, akasubiri, hakugusa ile yangu. Akaenda kuchukua ile kubwa ya sisi 72, akamalizia kutokea upande mwingine akiacha bawaba, ile sehemu isiyokatwa inayoongoza mti, upana wa vidole vitatu, mlingoti ukashuka pale aliposema utashuka. Ile chenso yangu ilitoka nzima, baa imepinda kidogo.

Mlingoti unaolalia ukikatwa ovyo unapasuka wima kutoka kwenye mkato kwenda juu, ile nusu ya nyuma inaruka kama teke la ng'ombe kwenye kifua cha aliyesimama. Kinachozuia ni kukata haraka na kwa mpango, ukichechemea katikati ndo unaupa muda wa kupasuka. Kwa hiyo nguvu kwenye mti mkubwa sio ufahari, ni usalama. Kuna chenso za betri za siku hizi za kitaalamu zenye kilowati 3, sawa na petroli ya sisi 50, Stihl wanayo MSA 300, hizo zingeweza ule mti bila shida nadhani, ila bei yake na betri zake kwa mtu wa heka moja na nusu ni kichekesho, na hata hiyo inarudi kwenye swali lilelile la kilomita tatu na bodaboda.

Sita iliyobaki fundi aliiangusha kabla ya saa nane mchana. Visiki akavikata chini na kwa mteremko ili maji yasikae, maana baba mdogo kabadilisha mawazo, anataka machipukizi ya mlingoti yarudi awe anapata kuni, mimi nimenyamaza. Kuna mtu alikuja akataka kupasua magogo mbao palepale kwa chenso, nikakataa, mnyororo unakula karibu sentimita moja kila mkato, kwenye gogo lenye mbao nane umegeuza mbao moja nzima kuwa unga. Tukayapeleka kwenye dingdong, mashine ya kuhamishika ya kupasulia mbao, iliyokuwa kijiji cha jirani. Kupasua mbao na betri hata usifikirie, ni kazi ya nguvu ya mwisho mfululizo kwa masaa, ndo ileile iliyoizima kwenye mlingoti.

Vitu vidogo ambavyo havihitaji maelezo marefu: zote mbili zinataka oili ya mnyororo, nimekutana na watu wanadhani ya betri haiwekwi oili yoyote, utaunguza baa siku moja. Na ile tabia ya kuweka oili chafu ya gari, iacheni, ina vumbi la chuma na inabaki kwenye ardhi na mikononi mwenu. Zote mbili zinanolewa kwa tupa, na ya betri ukiiacha butu unaadhibiwa mara mbili kwa sababu mnyororo butu unakula chaji, sisi betri ya tatu ilitoa miti 19 tu, fundi akanoa dakika tano, iliyofuata ikarudi 24. Spea za petroli Mafinga unapata hata jioni, plagi, kamba, mnyororo, diafragimu ya kabureta, na fundi wa kufungua yupo. Ya kwangu swichi ikifa sijui nitampelekea nani, na baa iliyopinda nimeagiza mpya wiki ya sita hii naambiwa iko njiani.

Kitu kimoja cha msimu. Kuanzia huu mwezi wa saba mpaka wa kumi paini iko kavu, chini kuna zulia la sindano kavu nusu futi, na kila mwaka Mufindi na Njombe watu wanapoteza mashamba kwa moto. Ekzosi ya petroli ya moto ukiiweka chini kwenye sindano, au ukimwagikiwa wakati wa kujaza tenki huku injini bado inachemka, umeanzisha kesi. Sisi tulisafisha duara la udongo mtupu ndo fundi akawa anajazia hapo tu. Kwa betri hilo halipo kabisa, na kama shamba lingekuwa karibu na nyumba ningesema kwa ajili ya moto peke yake kupunguzia na kupogolea kiangazi kufanyike kwa betri.

Tulichoamua. Milingoti na kitu chochote kinachozidi sentimita 25 ni cha fundi na petroli yake, sitamsumbua tena na majaribio. Paini heka nyingine ya baba mdogo ambayo iko mita 200 kutoka nyumbani, mwakani inapunguzwa kwa betri, zile mbili zinatosha, maana mtoto anatembea na betri mkononi kwenda kuchaji na kurudi, bodaboda imeondoka kwenye hesabu. Lile la mbali petroli. Nilifikiria kununua sola na invata ya kuchajia shambani, nikapiga bei, nikaacha, kwa hela ile fundi atanikatia mpaka paini hizi zikomae.

Fundi mwenyewe siku ya kuondoka alikuja asubuhi, kamwene, kamwene, ndo salamu ya huku, akazunguka maneno ya hali ya hewa na bei ya mirunda, mwisho akaniuliza kama naondoka na ile ya kunyolea ndevu au naiacha. Nikamuuliza ya nini. Akasema ana kazi ya kupogolea kwa mtu, siku tano, na huu mwezi vidole vinamsumbua. Nimemwachia na betri zote mbili, nimemwambia breki mbele kila akitembea, na chaja iko kwa baba mdogo.